Sekunde Kumi na Moja

Neno gumu katika kazi hii si hapana.
Hapana naifuta kwenye jedwali, mambo yakaendelea.
Neno gumu ni huenda.
Huenda Waziri akaja. Huenda akaja na ujumbe.
Huenda hali samaki.

Hamdun wa kampuni ya saruji ana inshallah tatu:
ya kwanza ni ndiyo,
ya pili ni sijaisoma barua yako,
ya tatu huisema akitazama dirishani,
na hiyo ndiyo iliyonifunza kuagiza viti kumi na viwili vya ziada
nisimwambie mtu.

Mama yangu hakuwa na jedwali.
Kwa maulidi ya mtaa mzima, kule Mabela,
alihesabu wageni kwa kokwa za tende ndani ya kopo la maziwa:
kokwa moja, mgeni mmoja;
kokwa iliyopasuka, mgeni mwenye ugomvi na mwenzake.
Wali haukupunguka, wala haukumwagwa.
Mimi nina safu arobaini na rangi sita
na bado meza ya tisa hainipi usingizi.
Wakurugenzi wawili waliogombania machimbo ya Ibri
nimewaketisha wakipeana migongo,
katikati yao shada la maua refu kupita haja.

Julai, Azaiba. Saa kumi alasiri
hewa ina uzito wa taulo lililolowa.
Lori la mazulia limekwama Barka.
Biju wa mitambo amelala chali chini ya jukwaa kama fundi gari.
Nekesa anawafunza wahudumu kubeba trei
kwa Kiswahili, kwa Kihindi, na kwa nyusi.
Redio inakoroma: "Rayya, mwenyekiti wa bodi ana viti viwili."
"Ondoa kimoja."
"Kipi?"

Saa mbili na nusu usiku, watu elfu moja mia moja na arobaini,
ubani umeshika, kahawa inazunguka,
mwenyekiti anasema, "Miaka ishirini na mitano ya—"
taa zote zikafa.

Moja. Viyoyozi vikashusha pumzi.
Mbili. Moyo wangu ukautafuta mlango wa dharura, wa nne, kushoto.
Tatu, nne. Biju akatukana kwa lugha ya kwao,
polepole, kama anayesoma orodha ya vifaa.
Tano. Hakuna ajuaye meza yake ni ya ngapi.
Sita. Waziri (alikuja) na kijana wa kufagia vyoo
wana sura moja, yaani hawana.
Saba. Sauti ya Nekesa: "Msisogee, kuna kebo!"
na mamia wasiojua Kiswahili wakatii.
Nane. Ubani ukawa mkubwa kuliko ukumbi.
Tisa. Mtu akacheka, upande wa meza ya tisa.
Kumi. Mtu akamjibu kwa kicheko, mgongo kwa mgongo.
Kumi na moja,
na mwanga ukatukuta wote tumeinua nyuso
kama watoto waliosikia majina yao yakiitwa.

"—ya subira," mwenyekiti akamalizia,
ukumbi ukapiga makofi hadi vijiko vikalia.

Viti vya ziada vilitumika tisa.
Vitatu tulivikalia sisi, saa saba usiku,
viatu pembeni, tukila samaki wa Waziri,
aliyepoa, ambaye kweli hakumla.

Hamdun akatujia, kilemba kimelegea.
"Lile giza," akasema, "lilikuwa wazo la nani?
Mwenyekiti kafuta chozi, nimemwona kwa macho yangu.
Mwakani tulirefushe kidogo."

Biju akaifumbata fyuzi iliyoungua,
akaitia mfukoni ingali na joto.
Mama angesema kweli.
Lakini angengoja kwanza sahani zioshwe.

"Inshallah," nikamjibu,
nikatazama dirishani,
na kule nje, taa zikimulika vumbi,
lori la mazulia kutoka Barka
ndiyo kwanza linaingia.